Sentensi Fupi Mbele ya Jeneza la Baba

Harufu ya sweta za sufu zilizolowa ndiyo hunirudisha kule. Hapa Merigi ninakofundisha mvua huja alasiri, na wanafunzi hutoka uwanjani mbio wakaingia darasani wakifuka mvuke, sweta zao za kijani zikinuka kondoo, moshi wa kuni na sabuni ya kipande. Juzi nilikuwa nawafundisha kuunganisha sentensi za Kiingereza. Mvua ikapiga mabati hadi nikashindwa kuisikia sauti yangu mwenyewe, nikaketi kuingoja ipungue. Harufu ile ikanijaa puani, nikajikuta niko darasa la nane tena, katika shule ya msingi ya shamba la majani chai huko Kericho. Nimesimama mbele ya wenzangu, mkono mmoja umeshikwa na msichana, wa pili umeshikwa na mvulana, na kwa kipindi hicho kizima mimi si Atieno tena. Mimi ni neno la Kiingereza la kuunganishia, na jina langu ni "Although."

Mwalimu Koech alikuwa na njia yake ya kufundisha. Chaki hufutika, alisema, kwa hiyo alitusimamisha sisi wenyewe tuwe sentensi. Huyu alikuwa "mvua ilinyesha," yule alikuwa "wachumaji walirudi nyumbani." Hizo zilikuwa sentensi sahili, kila moja imesimama kwa miguu yake. Akimtia mtu wa tatu katikati aitwe "and" au "but," watatu hao walishikana mikono wakawa sentensi ambatano. Zamu ya sentensi changamano ilikuwa na kichekesho chake, maana sehemu isiyoweza kujitegemea ilibidi ichuchumae kando ya ile kuu. Hakuna aliyetaka kuchuchumaa. Kiprono, aliyekuwa mrefu kuliko mwalimu, alikataa katakata, akasema kwao hakuna mwanamume anayechuchumaa mbele ya wasichana. Mwalimu alicheka hadi akaondoa miwani. Kisha akarudia sharti lake, lile lile lililoandikwa katika kila mtihani: geuzeni sentensi mtakavyo, lakini maana isibadilike.

Nyumbani kwetu nako lugha zilikaa chini ya bati moja na hazikupatana sana. Baba alikuwa Mjaluo kutoka tambarare ya Kano, na kazi yake ilikuwa kulisha kuni boila ya kiwanda cha chai. Mama alikuwa Mkipsigis wa upande wa Kaplong, mchumaji. Baina yao kulikuwa na Kiswahili chetu cha huku juu, kile kisichosumbuka na ngeli. Mama alimwita "Papa Atieno," kwa sababu "b" ilimshinda alipokuwa na haraka, na baba humjibu kwa utulivu kwamba bado hajaitwa Roma. Alikuwa mtu wa mzaha wa pole pole. Nguo zake zilinuka moshi wa mkalitusi hata zikifuliwa, na hadi leo nikipita penye moshi huo napunguza mwendo.

Kila Disemba baba alikwenda kwao kuwasalimu, na alikwenda peke yake. Sababu haikukosa. Mara mdogo wangu Ouma ni mchanga, mara barabara imeharibika, mara mwaka ujao tutakwenda wote. Mama hakubishana. Alimfungia majani ya chai kwenye karatasi, akamtayarishia na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yanayogandishwa na kutiwa masizi ya mti, ampelekee mama mkwe ambaye hakuwa amemwona. Baba alirudi na kibuyu kitupu kilichooshwa vizuri, na salamu nyingi. Mama aliuliza, "Alipenda?" Baba akasema alipenda sana.

Mwaka wangu wa darasa la nane kikohozi kilimkamata baba kikakataa kumwachilia. Alilazwa katika hospitali ya misheni, na mama akawa anatoka mashambani na kapu lake mgongoni, analiweka mlangoni, anaoga, anakwenda. Siku alipofariki mama alirudi asubuhi, akatuketisha kitandani mimi na Ouma, akatuambia kwa maneno machache sana. Kisha akawasha jiko, kwa sababu majirani wangekuja na wangehitaji chai. Nililia nikiwa nimeshika mlango wa jikoni, na nilimkasirikia kwa kuweza kuwasha jiko.

Kaka yake baba, baba mkubwa Okello, alipiga simu kutoka Kano. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimama kando ya wahubiri wageni akifasiri Kiingereza chao kwa Kijaluo. Alisema mwili uletwe, watoto waje nao, na mimi ndiye nitakayesoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa nilikuwa karibu kumaliza shule na ningeusoma kwa Kiingereza. Msomaji wangu wa mbali huenda akashangaa. Huku kwetu wasifu husomwa kwa Kiingereza hata kama waombolezaji wengi hawakijui. Mtu huvishwa Kiingereza siku ya kuzikwa kama anavyovishwa suti ambayo hakuwahi kuivaa akiwa hai. Anayesoma husoma sentensi moja, anatua, mfasiri anaitia katika lugha ya nyumbani, kisha msomaji anaendelea. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, na kila mtu anajua zamu yake.

Na kila mtu alijua pia jina la nani husomwa. Katika wasifu ndimo ukoo husikia marehemu alikuwa mume wa nani na baba wa nani. Asiyetajwa hapo, mbele ya kaburi lililo wazi, atapata taabu kujitaja baadaye. Mama hakuwahi kufika katika boma lile. Hakuwa na nyumba hapo wala picha ya harusi. Alichokuwa nacho ni sisi wawili, na sentensi yoyote ambayo ningeisoma. Sikuambiwa jambo hili na mtu, lakini nililijua. Nilikuwa nimesikia wanawake wa laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi, wakinong'ona wakiosha vikombe, na mmoja akauliza wazi kama Chebet, mama yangu, atatambuliwa huko au atarudishwa na lori kama mizigo.

Niliandika wasifu kwenye meza yetu ya kulia. Majirani walichangia maneno makubwa kama wanavyochangia sukari. Mwenye duka alisisitiza marehemu awe "jovial," karani wa kiwanda akataka "diligent," na mtu fulani akataka "promoted to glory" iwe mwanzo na mwisho. Niliyaweka yote kando nikaandika sentensi sahili tupu, kwa sababu kila nilipojaribu kuandika ndefu nilianza kulia kabla ya kufika kituo. Baba yangu alizaliwa Kano. Alifanya kazi Kericho. Alikuwa na mke. Jina lake ni Chebet.

Nilimpelekea Mwalimu Koech aukague. Alisoma akiwa amesimama, akanipa pole, akaufuta uso wake. Kisha ualimu ukamshinda. "Atieno," akasema, "hii ni sawa, lakini wewe ni wa class eight. Usiandike kama class three mbele ya watu wa baba yako. Wacha tuunganishe." Akachukua kalamu nyekundu, na mikono yake ikafanya kazi ambayo ilikuwa imezoea. Kituo kikawa koma, sentensi ikachuchumaa kando ya nyingine. Mwishowe kulikuwa na sentensi moja ndefu ya Kiingereza safi, ikisema kwamba baba yangu, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa miaka mingi, na aliyemwoa Chebet, ambaye alijaliwa naye watoto wawili, aliipenda siku zote nchi ya kwao. Nilijivunia sentensi ile. Niliikariri njiani nikirudi nyumbani, na kila neno la maana lilikuwa ndani.

Lori liliteremka kutoka Kericho asubuhi yenye ukungu. Mama aliketi sakafuni kando ya jeneza, mkono wake umeshika kishikio cha shaba ili lisiteleze kwenye kona. Kule juu milimani sote tulikuwa tumejifunika majaketi. Tulipofika Soin joto likatupokea, watu wakaanza kuvua kimoja kimoja, na akina mama wa Kijaluo waliotoka nasi shambani wakaanza kulia kwa sauti, maana sasa tulikuwa tunakaribia. Mama hakulia. Alikuwa anazitazama nyumba za pembeni mwa barabara kama mtu anayejifunza njia. Nilifikiri anaogopa.

Baba mkubwa alitupokea langoni. Alinishika kichwa, akambeba Ouma japo Ouma alikuwa mkubwa wa kutembea, akamsalimu mama kwa mkono na kwa heshima. Halafu akasema, "Karibu sana, mgeni wetu," akamwelekeza kijana ampeleke kwenye hema la watu wa Kericho. Sisi watoto tulichukuliwa mbele, karibu na jeneza, alipoketi nyanya, mama yake baba, juu ya mkeka wa mafunjo, miguu ameinyoosha, macho hayamtazami mtu. Nilisema moyoni kwamba ni kwa sababu ya msongamano, kwamba watampanga mama vizuri baadaye. Kutoka pale nilipoketi niliiona kofia ya sufu ya mama katikati ya viti vya plastiki, kati ya karani wa kiwanda na mwenye duka.

Zamu yangu ilipofika nilipewa maikrofoni iliyokuwa nzito kuliko nilivyodhani. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Baba mkubwa alisimama kando yangu, suti ya kijivu, mikono nyuma. Nilisoma kuzaliwa kwa baba, akafasiri. Nilisoma shule aliyosoma, akafasiri, na hata akaongeza chumvi kidogo, wazee wakaitikia kwa vichwa. Sauti yake ilikuwa nzuri, na kwa muda mfupi niliona fahari kusimama naye.

Kisha nikasoma ile ndefu. Niliisoma vizuri, sikukwama. Baba mkubwa alivuta pumzi, akasema kwa Kijaluo kwamba marehemu alifanya kazi kiwandani miaka mingi, akajaliwa watoto wawili, na aliipenda siku zote nchi ya kwao. Akatua. Akanitazama niendelee.

Nilijua Kijaluo. Baba alinifundisha kwa nyimbo na kwa matani. Niligeuka nikatazama hema la wageni. Mama naye alikuwa amekijua cha kutosha kwa kukaa miaka yote ile laini moja na Wajaluo, na alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, akaivuta kofia yake ya sufu chini kidogo. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya yote.

"Baba mkubwa," nikamwambia kwa Kiswahili, "umeruka mama."

Aliifunika maikrofoni kwa kiganja chake. "Soma mbele, mtoto wangu," akasema taratibu. "Leo tumzike tu. Hiyo ingine tutaongea."

Nilitazama karatasi. Mstari uliofuata ulihusu kanisa. Nyanya alikuwa ameinua uso, kwa sababu ukimya ulikuwa umezidi. Nilikuwa msichana mwoga, niliyekuwa nikiomba ruhusa ya kwenda msalani kwa ishara ili nisisikike. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa sauti. Nikauinua mkono uliofunika maikrofoni, nikauweka kando. Karatasi ya Mwalimu Koech nikaikunja.

"My father had a wife," nikasema, kisha nikanyamaza.

Huwezi kuamini jinsi sentensi fupi inavyoweza kukaa mahali. Waliojua Kiingereza, mchungaji, walimu, vijana wa mjini, walikuwa wameanza kugeuza shingo. Hapakuwa na koma ya kujificha wala sehemu ya kuacha. Baba mkubwa alitoa leso, akajipangusa shingo. Alitazama jeneza kwanza, kisha akamtazama nyanya, na aliponitazama mimi macho yake yalikuwa mekundu. Nilingoja. Ilikuwa zamu yake na watu wote walijua ni zamu yake. Mwishowe akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya kanisani, kwamba ndugu yake alikuwa na mke.

"Her name is Chebet."

Akafasiri.

"She is sitting there." Nikanyoosha mkono, jambo ambalo nilikuwa nimefundishwa kuwa ni utovu wa adabu. Akafasiri hilo nalo, na hakuna aliyemtazama tena. Wote walikuwa wanatazama viti vya wageni.

Nyanya aliinuka. Wanawake wawili walitaka kumsaidia akawasukuma. Alitembea kwa fimbo yake polepole akikata katikati ya watu, na watu wakasogeza viti kumpisha, hadi akafika mbele ya mama. Alimtazama muda mrefu. Kisha akamuuliza kwa Kijaluo kama yeye ndiye. Mama akasimama, akajibu kwa Kijaluo chake kilichovunjika kwamba ndiye. Nyanya hakumkumbatia, wala hakulia. Alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto wa kuvusha barabara, akaja naye hadi kwenye mkeka, akamketisha, akaketi kando yake. Tulipokwenda kaburini mama alitupa udongo baada ya nyanya tu, kabla ya wengine wote.

Kwa miaka mingi hadithi hii nilikuwa na namna moja ya kuisimulia. Ndani yake kulikuwa na mzee mwenye dharau aliyemficha mwanamke kwa kuwa ni Mkipsigis, na msichana aliyemshinda kwa Kiingereza. Nilipoingia chuo cha ualimu niliwasimulia wenzangu hivyo, wakapiga makofi. Baba mkubwa nilimsalimu kwa baridi kila nilipokwenda Kano, na yeye alizipokea salamu hizo bila kulalamika.

Ni miaka michache tu iliyopita, nyanya akiwa amekwishazikwa, nilipomkuta baba mkubwa anapukuchua mahindi uani kwake, mikono yake imeanza kutetemeka. Nikaketi kumsaidia. Baada ya muda alisema, bila kuniangalia, "Unajua, Atieno, siku ile sikuwa naficha mama yako. Nilikuwa naficha ndugu yangu."

Akanieleza. Nyanya alikuwa amemtafutia baba msichana wa jirani, na hakuacha kumdai jibu. Baba hakuweza kumkatalia mama yake usoni, wala hakuweza kutuacha. Kwa hiyo alimwambia kwamba amepata watoto Kericho na kwamba mama yao aliondoka akamwachia, na kwamba moyo wake bado haujapona kiasi cha kuoa. Kila Disemba nyanya alimpa pole. Kila Disemba alimuuliza maziwa yale matamu yanatoka wapi, na baba alimwambia ameyanunua sokoni. Baba mkubwa peke yake ndiye aliyeujua ukweli, naye aliahidi kunyamaza. Siku ile aliliona jeneza liko wazi, na mama mzee ameketi kando yake, na akatamani mwana aingie kaburini kabla uongo wake haujatoka. Alipofasiri sentensi yangu alikuwa anamwambia mama yake kwamba marehemu alimdanganya miaka yote ile. "Nilifasiri watu wengi," akasema. "Hiyo ndio ilinishinda."

Nilirudi Merigi nikiwa mgonjwa wa jambo hilo. Baba niliyempenda, mtu wa mzaha wa pole pole, hakuwahi kuyatamka mbele ya mama yake maneno ambayo binti yake aliyatamka kwa pumzi moja. Nilimlilia upya, na safari hii nililia kwa uchungu mwingine. Nilikaa siku nyingi nikiogopa kumwambia mama, ambaye sasa anaishi nami. Nilidhani ningemvunja moyo katika uzee wake.

Nilimwambia alasiri moja akichambua mboga za managu mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, vidole vyake havikusimama.

"Hiyo maneno nilikuwa najua," akasema. "Papa Atieno aliniambia hospitali, siku mbaya imekaribia. Alilia. Akaniomba nisiende Kano. Watoto waende na mwili, mimi nibaki, ndio mama yake asijue."

"Na ukasema nini?"

"Nikamwambia sawa, alale."

Akatupa mabua kando, akavuta kapu karibu.

"Lakini ulienda, mama."

"Nilienda. Sikuenda kusema kitu. Mtu anazika bwana yake. Nilijua nitawekwa na wageni, nikasema hata kama ni huko nyuma, nitaona akishuka." Aliendelea kuchambua. "Uliposema, nilikukasirikia. Nilimwahidi. Halafu ukataja jina yangu kwa hiyo kipaza sauti, mbele ya watu wote, na yeye amelala hapo." Sasa vidole vikasimama. "Nikasikia vizuri, Atieno. Mungu anisamehe, nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ameenda, mtu aliacha watoto wake."